Kicheko Kilichofika Kuresoi: Uzuri na Upungufu wa Sinema ya Bwana Bean

Kuresoi ni nchi ya baridi. Msafiri atokaye Nakuru mjini hupanda kupitia Njoro, Elburgon na Molo, na kadiri anavyopanda ndivyo anavyotamani koti. Huko juu, ubavuni mwa msitu wa Mau, wakulima hupanda viazi, mahindi, kabeji na pareto, na upande wa Olenguruone na Kiptagich hulima chai. Jioni ukungu hushuka, watu wakafunga milango mapema, na asiyekusanya kuni mchana hujuta usiku.

Jumamosi moja nilikuwa huko kumtazama ndugu yangu, ambaye ni mkulima wa viazi. Baada ya chakula aliniambia kwamba nyuma ya duka moja sokoni mna ukumbi wa mabati, ambamo vijana hulipa shilingi 20 kutazama mpira wa Ulaya. Jioni ile hapakuwa na mpira, bali palikuwa na sinema ya kuchekesha. Tukachukua kurunzi tukaenda. Sinema yenyewe ilikuwa Mr. Bean's Holiday, yaani Likizo ya Bwana Bean, ambayo Waingereza waliitoa mwaka 2007.

Nakiri kwamba nilikwenda kwa sababu ya kukimbia baridi, wala si kwa kupenda sinema. Lakini nilirudi na mambo ya kufikiri. Tena sinema hii yapendwa sana nchini mwetu, na wazazi wengi huwaacha watoto wao waitazame bila kujiuliza ina faida gani na ina upungufu gani. Kwa hiyo naona yafaa nieleze yote mawili.

WALIOKUWAMO UKUMBINI

Yanipasa kwanza kusema habari za watazamaji. Mabenchi yalikuwa machache na watu walikuwa wengi, hata tukaketi tumebanana kama magunia ndani ya lori. Walikuwamo Wakipsigis, Wakikuyu, Wakisii na Waogiek. Walikuwamo wazee wenye fimbo, akina mama waliofunga watoto mgongoni, karani mmoja wa ofisi ya serikali, na vijana ambao mikono yao ilikuwa bado na udongo wa shamba.

Msomaji wa mbali aweza kuuliza, kuna ajabu gani katika jambo hili? Ajabu ipo. Katika miaka ya 1992 na 1993, na tena baada ya uchaguzi mkuu wa Desemba 2007, nchi hii ya Molo na Kuresoi iliona mambo mazito. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, na wengi waliyaacha mashamba yao wakaenda kukaa katika mahema. Waliorudi walirudi kwa woga. Hata leo wako majirani ambao husalimiana njiani kwa heshima kamili, lakini hawaketi pamoja ila kwa mazishi au kwa baraza la chifu. Basi kuwaona watu hao wamebanana katika benchi moja, wakimcheka mtu mmoja ambaye si wa kabila la yeyote kati yao, si jambo dogo.

HABARI YENYEWE

Bwana Bean ni Mwingereza wa London, mtu mzima wa umri lakini mtoto kwa akili. Siku moja ya mvua anashinda bahati nasibu kanisani. Zawadi yake ni safari ya gari la moshi mpaka Cannes, mji wa pwani ya kusini ya Ufaransa, pamoja na kamera ya kuchukulia sinema na fedha za matumizi. Furaha yake yote ni kufika baharini, aone mchanga na jua.

Anafika Paris. Hajui Kifaransa ila maneno mawili matatu. Anapanda teksi isiyo yake, anapelekwa mahali siko, kisha anashika dira na kuamua kwenda moja kwa moja mpaka stesheni, bila kupinda kushoto wala kulia, akipita katikati ya magari na katikati ya shughuli za watu. Katika hoteli ya stesheni anaagiza chakula asichokijua. Wanamletea sinia la vyakula vya bahari, naye anatafuna kamba pamoja na maganda. Chaza zinamshinda kabisa. Kwa kuogopa aibu mbele ya mtumishi, anazimimina kwa siri ndani ya mkoba wa mama aliyeketi jirani. Ukumbi wetu ulivuma kwa kicheko, kwa maana ni nani asiyewahi kuketi mbele ya chakula cha kigeni akatafuta pa kukificha?

Hapo ndipo lafanyika kosa kubwa. Bwana Bean amwomba mgeni mmoja, Mrusi mwenye mtoto wa kiume, amchukue picha akipanda gari la moshi. Mara ya kwanza picha haikumpendeza, basi amwomba arudie, na arudie tena. Milango inafungwa, gari laondoka. Mtoto yumo ndani, na baba yake amebaki stesheni. Kuanzia hapo Bwana Bean na mtoto yule, Stepan, wanatangatanga pamoja nchini Ufaransa. Bwana Bean anasahau pochi, pasipoti na tikiti penye simu ya barabarani. Wanapata fedha kwa kuigiza sokoni, ambapo Bwana Bean anajifanya mwimbaji mkuu huku sauti ikitoka katika mashine.

Kisha lakuja jambo la kuku. Upepo wachukua tikiti ya basi, ikanasa katika mguu wa kuku, na kuku akapakiwa katika gari. Bwana Bean anamfuata kwa baiskeli, mwendo mrefu, mpaka shamba la mfugaji. Anapoingia anakuta kuku mamia, wote sawa, wote wana miguu. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu, ambaye bila shaka anafuga kuku, alisema kwa sauti, "Huyo sasa atafute mpaka Krismasi!" Hata wazee waliokuwa wamejizuia walicheka mpaka wakapangusa machozi.

Mwishowe wanafika Cannes kwa msaada wa Sabine, binti mchezaji wa sinema. Polisi wanadhani kwamba Bwana Bean amemwiba mtoto. Mjini mna maonyesho makubwa ya sinema, na bwana mmoja mwenye kiburi, Carson Clay, anaonyesha sinema yake inayohusu yeye mwenyewe. Watazamaji wanasinzia. Bwana Bean anaunganisha kamera yake na mitambo, na picha zake za safari zinaonekana badala ya picha za yule bwana. Watu wanaamka, wanacheka, wanasimama na kupiga makofi. Mtoto anarudi kwa wazazi wake, na Bwana Bean anafika baharini, ambako watu wote wanaimba.

MCHEZAJI MWENYEWE

Aliyecheza Bwana Bean ni Rowan Atkinson, aliyezaliwa mwaka 1955 katika jimbo la Durham, kaskazini ya Uingereza. Wakulima watapenda kujua kwamba baba yake alikuwa mkulima. Yeye mwenyewe alisomea uhandisi wa umeme, kwanza Newcastle na baadaye Oxford, kabla ya kushika kazi ya kuchekesha. Bwana Bean alionekana mara ya kwanza katika televisheni ya Uingereza mwaka 1990, na sinema yake ya kwanza ilitoka mwaka 1997. Hii ya likizo, iliyoongozwa na Steve Bendelack, ni ya pili.

Tena yuko na habari inayotuhusu sisi. Mwaka 2001 alikuwa Kenya kwa mapumziko. Walipokuwa angani katika ndege ndogo kuelekea Nairobi, rubani alizimia. Atkinson, ambaye hakuwa rubani, alishika usukani akaiweka ndege angani mpaka rubani akazinduka, wakatua salama katika uwanja wa Wilson. Basi mtu ambaye katika sinema hawezi hata kupanda teksi iliyo yake, siku ya hatari aliweza kutulia. Hii yatufundisha tusimdhanie mcheshi kuwa ni mjinga. Kuigiza ujinga vizuri ni kazi ya mtu mwenye akili.

UZURI WAKE

Uzuri wa kwanza ni kwamba sinema hii yahitaji maneno machache mno. Bwana Bean haongei, ananguruma tu na kukunja uso. Kwa hiyo bibi mzee wa Keringet asiyejua Kiingereza, na karani aliyefaulu mitihani yake yote, wanacheka kwa wakati mmoja. Hapana anayetangulia na kumwacha mwenzake nyuma akiuliza, "Amesema nini?" Katika nchi ya makabila na lugha nyingi, hii ni fadhila kubwa.

Hapa yafaa tukumbuke mambo ya zamani. Mwaka 1939 Serikali ya Uingereza iliunda idara ya sinema kwa ajili ya makoloni yake. Magari ya sinema yalizunguka vijijini, kitambaa cheupe kikatandazwa, na watu wakaonyeshwa habari za usafi na za kilimo bora. Mkuu wa idara ile, William Sellers, aliamini kwamba watazamaji wa Kiafrika hawawezi kufuata picha ziendazo upesi, kwa hiyo wapewe sinema za polepole na nyepesi. Lakini magari yale yale yalichukua pia michezo ya Charlie Chaplin, ambayo hukimbia kama mbwa aliyemwagiwa maji, na watu waliielewa wakaipenda kuliko masomo yote ya choo na mbolea. Kumbe akili haikupungua. Kilichopungua kilikuwa heshima ya mtengenezaji kwa mtazamaji wake. Bwana Bean ni ndugu mdogo wa Chaplin, na ukumbi wa Kuresoi haukukosa hata jambo moja la safari yake.

Uzuri wa pili ni kwamba kicheko hiki hakimtukani mtu wa kabila lolote kati yetu. Vichekesho vingi tunavyovisikia hupata chumvi yake kwa kuiga matamshi ya kabila fulani, au kwa kusema kwamba hawa ni wezi na wale ni wachoyo. Sisi wa bonde hili tunajua mwisho wa maneno hayo. Mzaha wa namna ile huanza kama cheche jikoni. Bwana Bean hutuchekesha kwa upumbavu ambao kila mtu anao: kuona haya kuuliza njia, kujifanya unajua usichokijua, kutaka picha nzuri kuliko kutazama saa.

Mtu wa shamba aliyepotea mjini si mgeni katika michezo yetu. Katika miaka ya 1950 huko Tanganyika ilitengenezwa sinema ya Kiswahili, Muhogo Mchungu, ambayo ndani yake Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, alicheza mtu wa shamba anayekutana na mambo ya mjini. Tofauti ni kwamba safari hii mshamba ni Mwingereza. Mzee aliyezoea kuchekwa na makarani kwa sababu hakujua aingie mlango upi, jioni ile alimwona mtu wa London mwenye tai shingoni akihangaika vivyo hivyo. Nadhani ilimfaa moyo.

Uzuri wa tatu ni usafi wake. Haina matusi wala mambo ya chumbani. Baba aweza kuitazama pamoja na mama mkwe wake bila kutafuta sababu ya kutoka nje. Tena inamcheka mwenye kiburi, yule Carson Clay, ambaye sinema yake nzito inawalaza watu, ilhali picha za mtu mnyenyekevu zinawaamsha.

UPUNGUFU WAKE

Lakini si vizuri kusifu tu. Upungufu wa kwanza ni kwamba hadithi ni nyembamba. Ni kama shanga zilizotungwa katika uzi dhaifu. Kila ushanga wang'aa, jambo la chaza, jambo la kuku, jambo la sokoni, lakini ukiondoa mmoja hapana atakayegundua. Katikati ya safari, kabla ya kufika Cannes, nilisikia watu wakianza kuzungumza bei ya viazi, na hiyo ni dalili.

Upungufu wa pili ni kwamba mambo mengine yanataka ujuzi wa huko kwao. Kumcheka Carson Clay kwahitaji kujua kwamba Cannes ni mji wa mashindano ya sinema, na kwamba ziko sinema ambazo wataalamu husifu na watu wa kawaida hulala. Ukumbi wetu ulinyamaza hapo, ukasubiri Bwana Bean aanguke tena.

Upungufu wa tatu ndio mkubwa, nao ndio ulionifanya niandike. Bwana Bean huwadhuru watu, wala hajibu kwa lolote. Yule mama mwenye mkoba wa chaza amekosa nini? Watu ambao shughuli zao ziliharibika kwa sababu bwana mmoja ameamua kwenda moja kwa moja, ni nani aliyewalipa? Zaidi ya hao yuko baba aliyebaki stesheni, akilitazama gari la moshi likienda na mwanawe. Ni kweli kwamba Bwana Bean hakukusudia ubaya, tena anajitahidi kumchekesha mtoto na kumfikisha kwa wazazi. Lakini mwisho wa sinema mtoto anawakimbilia wazazi wake, watu wanashangilia, wimbo unaanza, na kosa la kwanza limefutika kama maandishi mchangani.

MANENO YA MZEE

Tulipotoka nje, ukungu ulikuwa umefika mpaka milangoni. Tulisimama kidogo kungoja waliokwenda njia moja nasi. Yule karani alikuwa angali akicheka habari za kuku. Mzee mmoja, mkulima wa viazi na mahindi, akasema, "Nimecheka sana. Lakini nilikuwa nangoja yule baba aambiwe neno."

Karani akamjibu kwa adabu, "Mzee wangu, huo ni mchezo tu. Mwisho umekuwa mwema, mtoto amepatikana."

Mzee akasema, "Kupatikana ni jambo moja, mwanangu. Neno ni jambo jingine."

Kisha, tulipokuwa tukitembea, alinieleza habari yake, nami naiandika kwa ruhusa yake bila kutaja jina wala kabila. Mapema mwaka 2008 nyumba yake ilichomwa, na ng'ombe wake wawili wakachukuliwa. Miongoni mwa vijana waliofika usiku ule alimtambua mtoto wa jirani yake. Alikaa mbali miaka miwili, kisha akarudi akajenga upya. Jirani yule alikuja kwake mara nne. Mara ya kwanza aliuliza habari za mvua. Mara ya pili alileta mbegu za viazi. Mara ya tatu alikunywa chai akaenda zake. Mara ya nne ndipo alipoketi akasema jambo lililomleta. Ng'ombe hawakurudi wote, ila mmoja alilipwa, kidogo kidogo.

"Na sasa?" nikauliza.

"Leo tumeketi benchi moja," akasema. "Ndiye aliyekuwa akinipigapiga goti kila mara yule mtu alipoanguka. Lakini kama asingalisema neno lile, hata sinema hii nisingaliicheka karibu naye."

NENO LA MWISHO

Msomaji mpendwa, simshauri mtu yeyote aiache sinema hii. Waliyoitengeneza walikusudia kutufurahisha kwa saa moja na nusu, na hilo wamelifanya kwa ustadi. Mtu aliyeshinda shambani akivuna viazi, kisha akabishana na mnunuzi juu ya uzito wa gunia, ana haki ya kucheka jioni. Tena kicheko cha pamoja, kisichomdharau mtu, ni kitu adimu katika nchi iliyoumia. Sinema iliyoweza kuwaweka watu wale katika benchi moja imefanya kazi ambayo hotuba nyingi zimeshindwa kuifanya.

Hata hivyo tusiombe kwa kicheko kisichoweza kutoa. Kicheko chaweza kufungua mlango, lakini hakiwezi kuingia ndani na kusema neno kwa niaba ya aliyekosa. Basi mzazi atakayewaketisha watoto wake mbele ya Bwana Bean na acheke pamoja nao. Kisha, sinema ikiisha na kabla hawajalala, na awaulize swali moja tu: kama wewe ndiwe uliyemwacha baba yule stesheni, ungalimwambia nini siku ya kuonana naye?

Mtoto atakayejibu vizuri atakuwa amepata faida ambayo mtengenezaji wa sinema mwenyewe aliisahau. Ndugu yangu alipowauliza wanawe asubuhi iliyofuata, mkubwa alisema angalinunua tikiti nyingine. Mdogo, mwenye miaka saba, alifikiri kidogo, akasema, "Ningaliteremka kwanza." Baba yao aliweka kikombe chake chini, asimjibu neno, akachukua jembe akaenda shambani.